Sanamu za Vilimani: Kwa Nini Shimla Wanayo na Moshi Hawana

Mtu wa Moshi akifika Shimla, mji wa milimani kaskazini mwa India, atakuta mengi anayoyafahamu: baridi ya asubuhi, reli ya kikoloni iliyopandishwa kwa taabu, maduka yaliyobanana, na wenyeji ambao wakitaka kujua hali ya hewa huinua macho kwanza. Tofauti iko kwenye kile wanachokiona wakiinua macho. Juu ya mji, katikati ya mierezi ya Himalaya, limesimama umbo la rangi ya chungwa lenye uso wa nyani na taji kichwani. Ni Hanuman. Urefu wake ni futi 108, karibu mita 33, na kilima cha Jakhu kilichombeba kina mwinuko wa zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Kwa kipimo cha Kilimanjaro, nyayo zake zingekanyaga msituni, mahali fulani kati ya lango la Marangu na vibanda vya Mandara.

Sanamu hiyo ilizinduliwa Novemba 2010. Baadaye likaja gari la nyaya la kupandisha wageni kutoka mjini, lakini wengi bado wanakwenda kwa miguu, fimbo mkononi. Fimbo si ya kusaidia magoti tu. Nyani wa Jakhu wanajulikana India nzima kwa wizi wa miwani na kofia, nao hawaibi kwa sababu wanataka kusoma: wanashikilia mali ya mgeni hadi atoe chakula, kisha wanaiachia. Wenyeji humwonya kila anayepanda avue miwani mapema. Mbega wa msitu wa Rau, pale Moshi, ni waungwana wakilinganishwa nao.

Na nani atawafukuza nyani kwenye kilima cha Hanuman? Katika utenzi mkuu wa Ramayana, Hanuman ni shujaa mwenye umbo la nyani, mtumishi mwaminifu wa Rama. Vita vinapamba moto Lanka, Lakshmana, mdogo wake Rama, anajeruhiwa na kubaki kati ya uhai na kifo. Dawa ni mmea mmoja tu, nao unaota mbali kaskazini katika mlima Dronagiri. Hanuman anaruka angani kuufuata. Wenyeji wa Shimla wanasimulia kwamba alitua Jakhu kumuuliza njia mtawa aliyekuwa akiishi pale, akaahidi kurudi, lakini wakati wa kurejea muda ukambana akapita njia nyingine. Alipofika Dronagiri hakuweza kuutambua mmea wenyewe. Basi akang'oa mlima mzima, akaubeba hadi vitani.

Hekalu la Hanuman lililoko Jakhu ni la zamani kuliko mtu yeyote anavyoweza kukumbuka. Sanamu ya futi 108 ni ya juzi tu, na hilo ndilo jambo ambalo picha za watalii hazilisemi. Anayeiona mara ya kwanza hudhani anatazama mabaki ya enzi za kale, kumbe anatazama zege la karne ya 21.

Karibu sanamu zote kubwa sana za miungu ya Kihindu duniani ni za umri huo. Shiva wa Murudeshwar, aliyeketi ufukweni mwa Karnataka akiwa na urefu wa karibu mita 37, alikamilika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Murugan wa dhahabu aliyesimama mbele ya mapango ya Batu, nje kidogo ya Kuala Lumpur, alizinduliwa mwaka 2006. Huko Bali, kisiwa chenye Wahindu wengi ndani ya Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko nyingine yoyote, Vishnu akiwa juu ya ndege Garuda alifika kimo cha mita 121 pamoja na jengo lililombeba na kuzinduliwa Septemba 2018, baada ya mradi kukwama kwa miaka mingi kwa kukosa fedha. Texas, Marekani, walimpata Hanuman wao wa futi 90 mwaka 2024, na baadhi ya Wakristo wa eneo hilo wakaenda kupinga.

Namba 108 inajirudia katika miradi hii kwa sababu ni namba takatifu. Shanga za tasbihi ya Kihindu ni 108, na majina ya miungu mingi huorodheshwa hadi 108. Mhandisi angependa futi 100 kamili au 110. Kuhani anataka 108, na kwa kawaida kuhani ndiye anayeshinda.

Mengine yote yako mikononi mwa mhandisi. Ndani ya sanamu ya namna hii kuna kiunzi cha chuma, na juu yake zege linalomwagwa kwa awamu, kisha mafundi wa plasta wanachonga mikunjo ya nguo, vidole na nyusi wakiwa wamening'inia kwenye majukwaa. Murugan wa Batu, mwenye mita 42.7, alimeza mita za ujazo 1,550 za zege, tani 250 za nondo na lita 300 za rangi ya dhahabu. Adui mkubwa kuliko uzito ni upepo, na kilimani upepo hauna cha kuuzuia. Mei 2023 mjini Ujjain, sanamu sita kati ya saba za watawa wa kale zilizokuwa zimesimamishwa kwenye uwanja mpya wa hekalu ziliangushwa na dhoruba. Hazikuwa za zege bali za faiba, na hazikuwa zimetimiza mwaka tangu uwanja ufunguliwe. Radi nayo ina lake: Januari 2014 ilimpiga Kristo Mkombozi wa Rio de Janeiro na kumvunja kipande cha kidole gumba.

Kristo huyo wa Rio anastahili kutajwa hapa kwa sababu nyingine. Alizinduliwa mwaka 1931, mita 30 bila kuhesabu msingi wake, juu ya kilima cha Corcovado chenye zaidi ya mita 700. Tangu hapo kila mji wenye kilima na imani ukajua nini kinawezekana. Wahindu walikuwa na sanamu kubwa za mawe tangu zamani, lakini kuweka umbo la mungu juu ya mji ili lionekane kutoka kila dirisha, usiku likimulikwa kwa taa za umeme, ni jambo lililowezekana kwa saruji, kreni, fedha za wafadhili na tamaa ya kuvuta watalii. Ibada ilikuwepo kabla ya hayo yote, tena ibada yenyewe haihitaji ukubwa.

Msomaji aliyelelewa msikitini au kanisani huenda ana swali ambalo adabu inamzuia kuliuliza: je, hawa watu wanaabudu saruji? Jibu la Wahindu wenyewe ni kwamba umbo lililotoka kwa fundi ni jiwe au mti tu hadi lifanyiwe ibada maalumu ya kulitia uhai. Baada ya hapo linahesabiwa kuwa makazi ya mungu, na linatunzwa kama mgeni mheshimiwa: linaamshwa asubuhi, linaogeshwa, linavishwa, linapewa chakula, linalazwa usiku. Muumini anakwenda kumwona mungu na, jambo lenye uzito uleule, kuonwa naye. Ndiyo maana macho ya sanamu ya hekaluni hutengenezwa kwa uangalifu wa pekee.

Tena si Wahindu wote wanaokubaliana. Arya Samaj, harakati iliyoanzishwa na Dayananda Saraswati mjini Bombay mwaka 1875, inakataa sanamu kabisa. Katika kumbi zao utakuta moto wa ibada na maandiko ya Veda. Harakati hiyo ilifika Nairobi mwaka 1903, reli ikiwa bado ina harufu ya rangi mpya, na ikapata wafuasi wengi Afrika Mashariki. Kwa hiyo mtu anayesema "Wahindu wote wanaabudu sanamu" anaweza kusahihishwa na Mhindu.

Anayetaka kuona ukubwa na udogo vikiishi mtaa mmoja aende Nathdwara, mji mdogo wa Rajasthan ulio karibu kilomita 50 kaskazini mwa Udaipur. Juu ya kilima chake ameketi Shiva mwenye urefu wa futi 369, karibu mita 112. Alizinduliwa Oktoba 2022 baada ya ujenzi wa takriban miaka kumi uliogharimiwa na tajiri wa hapohapo. Ndani yake kuna lifti, ukumbi na sehemu za kutazamia mandhari. Mgeni analipa kiingilio, anapanda hadi usawa wa bega la mungu, anachungulia milima ya Aravalli, anapiga picha, anashuka. Wakati wa usiku mwili wote unamulikwa, na madereva wa barabara kuu wanauona kutoka mbali sana.

Lakini watu walikuwa wakimiminika Nathdwara miaka 350 kabla ya Shiva huyo kuwekwa, na waliyemfuata amefichika. Ndani ya nyumba kubwa isiyo na mnara, mithili ya nyumba ya tajiri wa kale, kuna Shrinathji: Krishna akiwa mtoto, amechongwa kwenye jiwe jeusi, mkono wa kushoto umeinuliwa. Mkono huo unabeba mlima. Katika kisa chake, mungu wa mvua alikasirika akawafungulia wachungaji gharika, naye Krishna akauinua mlima Govardhan kwa kidole, watu na ng'ombe wakajihifadhi chini yake kwa siku saba. Umbo hilo lilihamishwa kutoka eneo la Govardhan, karibu na Mathura, kwa hofu ya utawala wa mfalme Aurangzeb, na kufikia mwaka 1672 lilikuwa limepata makazi Nathdwara. Inasimuliwa kwamba magurudumu ya gari la ng'ombe yalizama kwenye tope pale, yakagoma kutoka, na waliolisindikiza wakaelewa kwamba mungu amechagua.

Shrinathji haonekani saa zote. Kwa siku anafunguliwa mara nane, kila mara kwa muda mfupi, kila mara akiwa na mavazi na chakula cha saa hiyo, kwa sababu mtoto huamka, hucheza, hula na kusinzia. Milango ikifunguliwa umati unasukumana. Wengine wanapata kumwona kwa sekunde chache tu na wanatoka wakilia. Hakuna lifti.

Watu wa Afrika Mashariki wana historia kubwa na nyumba hiyo kuliko wanavyodhani. Njia ya ibada ya Shrinathji ilienea sana kati ya wafanyabiashara wa Gujarat na Kutch, hasa Wabhatia na Walohana, na hao ndio baadhi ya Wahindu wa mwanzo kuweka maduka katika pwani yetu. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 19 forodha yote ya Zanzibar ilikodishwa na masultani kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch. Pembe za ndovu, karafuu na vitambaa vilipita mikononi mwa makarani wake. Watu wa pwani waliwaita Mabanyani. Wengi walikuja bila wake zao, wakapanga kurudi, wakaabudu katika vyumba vya nyuma na vya juu, na nyumbani kwao bara Hindi ndiko walikopeleka fedha za kujengea mahekalu.

Reli ilibadilisha hesabu. Kwa ajili ya Reli ya Uganda, kati ya 1896 na 1901, Waingereza waliajiri wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka India. Karibu 2,500 walikufa, na maelfu kadhaa walibaki. Upande wa Wajerumani, reli iliyoanzia Tanga mwaka 1893 ilifika Moshi 1911, na mji ukaondoka kule Old Moshi mlimani ukashuka kukaa kando ya stesheni. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza reli nyingine ikaunganisha Moshi na Voi, na kwa hiyo na Mombasa. Wenye maduka walifuata reli, na kahawa ya Wachagga ikawapa wateja wenye fedha. Ghorofa nyingi za katikati ya Moshi, zile zenye duka chini na makazi juu, ni kazi ya familia za Kihindi za enzi hizo: Wahindu, Waismailia, Makalasinga na wengineo, kila kundi na nyumba yake ya ibada umbali wa dakika chache kwa miguu.

Hekalu la Wahindu lipo Moshi hadi leo, mjini kati ya majengo mengine. Dar es Salaam, mtaa wa Kisutu una mahekalu yaliyopangana kama maduka. Zanzibar, hekalu la Mji Mkongwe liko katika uchochoro wa Hurumzi, na mtu anaweza kupita mlangoni akidhani amepita nyumba ya watu. Miungu ipo, inavishwa na kulishwa kila siku. Imekaa ndani.

Kwa nini haikutoka nje na kupanda kilimani? Sehemu ya jibu ni umri: Wahindu walipojenga mahekalu hayo, mtindo wa majitu ya zege haukuwepo hata India. Sehemu nyingine ni desturi ya Kigujarati, ambayo inapenda hekalu lililochongwa kwa ustadi kuliko sanamu ya uwanjani. Walipopata uwezo walijenga hekalu. Lile la dhehebu la Kigujarati la Swaminarayan lililofunguliwa Nairobi mwaka 1999 ni la mawe na mbao zilizonakshiwa. Dada yake wa Neasden, London, lililofunguliwa 1995 na linalosaliwa na wengi waliotoka Kenya, Uganda na Tanzania, lilitumia tani 2,828 za mawe ya chokaa kutoka Bulgaria na tani 2,000 za marumaru ya Italia, yakapelekwa India kuchongwa na kurudishwa Uingereza vipande zaidi ya 26,000. Hapo hakuna anayeweza kusema fedha zilikosekana.

Sehemu ya tatu haizungumzwi sana, ila ni vigumu kuiacha. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 Wahindi wengi waliondoka Zanzibar. Aprili 1971 serikali ya Tanzania ilitaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, na Moshi, kama Arusha na Dar es Salaam, familia nyingi ziliamka zikiwa wapangaji katika ghorofa walizojenga babu zao. Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90. Jamii ndogo iliyopitia hayo haina sababu ya kusimamisha mungu wa mita 33 mahali ambapo kila jirani atamwona akifungua dirisha. Kuwa mkubwa ni kujitangaza, na kujitangaza kunahitaji uhakika kwamba kesho utakuwepo.

Ukitaka kuona kinachotokea uhakika huo ukiwepo, vuka Bahari ya Hindi hadi Mauritius. Huko karibu nusu ya wakazi ni Wahindu, wajukuu na vilembwe wa vibarua wa mashamba ya miwa. Kuanzia 1834, utumwa ulipokuwa unakomeshwa, karibu watu nusu milioni waliletwa kutoka India kwa mikataba. Ngazi za mawe walizopandia bandarini Port Louis, Aapravasi Ghat, ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Katikati ya milima ya kusini kuna ziwa la kreta liitwalo Grand Bassin. Mwishoni mwa karne ya 19 kuhani wa kijiji cha Triolet aliota kwamba maji yake yameungana na mto Ganga, na mahujaji wakaanza kwenda. Mwaka 1972 maji ya Ganga yakaletwa na kumiminwa ziwani, nalo likapewa jina la Ganga Talao.

Mwaka 2007 akasimamishwa pale Shiva mwenye futi 108, mkono ukiwa na mkuki wa ncha tatu, amefanana na Shiva wa ziwa Sursagar mjini Vadodara, Gujarat. Miaka kumi baadaye akaja Durga, mungu wa kike, wa kimo hichohicho, na simba wake. Barabara ya kufika ilipanuliwa, kwa maana wakati wa sikukuu ya Maha Shivaratri mamia ya maelfu ya watu hutembea kutoka kila pembe ya kisiwa, wengine bila viatu, wakibeba miundo ya mianzi iliyopambwa kwa maua na vioo. Hiyo ndiyo mifano mashuhuri ya sanamu kubwa za Kihindu iliyo karibu nasi zaidi. Haiko juu ya mji, iko kando ya ziwa mlimani. Mwenyeji wa Rombo anayelijua ziwa Chala angeelewa mara moja kwa nini mahali kama hapo pangevuta ibada.

Waliobebwa kama mizigo ya meli wamekuwa wenye nchi, wanatoa mawaziri wakuu, wanasimamisha miungu barabarani. Mahujaji wanawasili, wanapita chini ya Shiva, wanainua vichwa, kisha wengi hawasimami: wanateremka hadi majini, kwenye vihekalu vidogo vya ukingoni, na hapo ndipo wanamwaga maziwa na kuwasha ubani.

Moshi ina jambo lingine la kufikiria kabla mtu yeyote hajatafuta kilima. Juu ya mji tayari kuna kitu. Wachagga wa zamani waliuhesabu upande wa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kuwa upande wa heshima, na wazee walipomwomba Ruwa, Mungu wao, walielekeza nyuso huko. Wahindu wangeelewa bila kufafanuliwa, maana wao wana Kailash, mlima wa Tibet wenye mita 6,638 unaoaminika kuwa makao ya Shiva. Mahujaji wanauzunguka kwa miguu, mwendo wa takriban kilomita 52, na kileleni hakwei mtu. Kibo, mita 5,895, amekuwa na bahati tofauti: anapandwa na maelfu kila mwaka, na kila utawala umetaka kuweka alama yake juu yake.

Oktoba 1889 Hans Meyer alifika kileleni na Ludwig Purtscheller, akasimika bendera ya Ujerumani, akakipa kilele jina la Kaiser Wilhelm. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha mwenge na bendera ya Tanganyika huru, na jina la Kaiser likafutwa na Uhuru. Si Meyer wala Nyirenda aliyemwaga zege, ila nia yao haikuwa mbali na ya watu wa Shimla au Nathdwara: walio chini wajue nani yuko juu. Mwenge ule haukuhitaji kuonekana kwa macho kutoka Moshi. Ulionekana kwa habari, nayo ilitosha.

Leo, hata anayetaka kufuata nyayo hizo atagonga ukuta wa sheria. Kilimanjaro ni hifadhi ya taifa tangu 1973 na urithi wa dunia tangu 1987. Mwaka 2019 serikali ilipotaja wazo la magari ya nyaya, wapagazi na waongozaji wa mlima walikuja juu kwa kuhofia ajira zao, na hilo lilikuwa gari la kubeba watalii tu, dini haikuhusika.

Anayetamani kuiona miungu hii ana kwa ana hana haja ya nauli ya Shimla wala Mauritius. Mahekalu ya Wahindu Afrika Mashariki kwa kawaida humpokea mgeni mwenye heshima, hasa jioni wakati wa arati, ibada ya taa na kengele. Viatu vinaachwa mlangoni, mabega na magoti yanafunikwa, na picha hazipigwi mpaka mwenyeji aruhusu. Sanamu nyingi za madhabahuni hazimfikii mtu mzima kimo, na nguo alizoziona mgeni leo hatazikuta zilezile kesho. Mwishoni hugawiwa prasad, chakula kilichotolewa kwanza kwa mungu: tunda, karanga au kipande cha tamutamu. Kinapokewa kwa mkono wa kulia, na mwenyeji akikuongezea cha kuwapelekea watoto, unachukua.